Muulize Mama Muuguzi: Tuchangie jengo la saratani, au tudai ambulensi?

*Anayejibu barua ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika wodi za wanawake Nyanda za Juu Kusini. Barua zimefupishwa.*

Kamwene mama, na shikamoo. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji mkoani Njombe. Hospitali ya misheni iliyo jirani nasi inataka kupanua huduma za saratani: wodi ndogo ya dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani zinazopitishwa mshipani, chumba cha kupimia akina mama, na maabara kubwa kuliko iliyopo. Wametuita mkutanoni, wakaomba kila kaya itoe shilingi 10,000 au siku mbili za nguvu kazi. Wananchi wamegawanyika. Wapo wanaosema saratani ni ya watu wachache na haina dawa, bora tununue ambulensi na kukarabati leba. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mnatujengea nyumba ya kufia." Nimepewa kazi ya kuleta hoja mkutano ujao. Kijiji kitapata nini hasa?
*Mjumbe, Njombe*

Marahaba mwanangu, kamwene.

Nianze na huyo mzee, maana amesema kwa sauti jambo ambalo wengi wanalo moyoni. Usimbishie haraka. Jiulize ni wagonjwa gani wa saratani aliowahi kuwaona kwa macho yake. Amemwona jirani aliyepanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, akarudi miezi kadhaa baadaye ndani ya sanduku. Amemwona mwingine aliyerudishwa nyumbani kwa kuchelewa, akauguliwa chumba cha nyuma hadi siku yake ilipofika. Waliopona hakuwaona. Au aliwaona asijue walikuwa wakiumwa nini, kwa sababu mtu akitibiwa mjini akapona, akirudi kijijini hunyamaza. Sasa kijiji ambacho hakijamwona hata mtu mmoja aliyepona saratani kitaacha vipi kuamini kwamba haina dawa? Na mwanamke anayeamini hivyo, siku akigusa uvimbe kwenye titi, ataenda hospitali kutafuta nini?

Hiyo ndiyo hoja ambayo ningekuomba uisimamie mbele ya wananchi kabla hujataja tofali wala mabati. Tiba ikiwa karibu, waliopona wanaonekana. Mama yule ambaye mwezi Machi nywele zilinyonyoka zote, Novemba mnakutana naye shambani anapanda mahindi, kilemba kimeshavuliwa. Akisimama kanisani kushukuru, akina mama watatu watakwenda kupimwa wiki hiyo hiyo, na hakuna tangazo la redio linaloweza kuwashawishi kama yeye. Wakipimwa mapema, wengi wanapona. Wakipona, wanaonekana. Wodini tulikuwa tunapokea wanawake wengi wakiwa wamefika hatua ya tatu au ya nne, ugonjwa umeshasambaa, na wengi wao walijua habari ya uvimbe wao mwaka mzima kabla.

Kuna mama mmoja sitamsahau, mkulima wa viazi, wa miaka arobaini na kidogo. Alikuja na uvimbe wa titi, mdogo kama punje ya njugumawe. Daktari alichukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, majibu yakaja kuwa ni saratani, akaandikiwa rufaa. Barua ile aliikunja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani ili isipotee. Alipanga avune viazi kwanza apate nauli na fedha ya kujikimu. Bei ya viazi ikaanguka. Mwanawe akachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, sare na godoro vikahitajika. Alipokuja tena kwetu, barua ilikuwa ingali mle mle kitabuni, imekunjwa vizuri, na uvimbe ulikuwa umeshatoboa ngozi. Nasema haya nikitaka uelewe kwamba mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anapiga hesabu kama mama yeyote wa Njombe anavyopiga, na hesabu ya Dar es Salaam haikukubali.

Iangalie hesabu hiyo. Kutoka Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700: unapita Makambako, Iringa, unateremka Kitonga, unapita Mikumi, unafika Mbezi usiku umechoka. Mgonjwa hasafiri peke yake. Anayemuuguza naye anakula, analala, na shamba lake nyumbani linaota magugu. Dripu za kemo kwa kawaida hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, mizunguko minne, sita, hata minane. Kila mzunguko ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, au ni kumwomba ndugu wa Mbagala awape sehemu ya kulala kwa miezi. Hapo ndipo watu wanapokatishia tiba. Anachoma dripu mbili, anajisikia nafuu, anasema nitarudi nikiuza mbao, harudi. Saratani iliyotibiwa nusu hurudi kwa nguvu.

Huduma mnayotaka kujengewa inabadilisha hesabu hiyo. Mgonjwa anaonwa na bingwa mara chache, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam, anapangiwa tiba, halafu dripu anakuja kuchomwa hapo kwenu. Asubuhi anatoka nyumbani, jioni analala kitandani kwake. Wapo wanawake wa saratani ya titi ambao baada ya upasuaji na dripu huendelea na kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi. Sioni sababu ya mtu kufuata kidonge Dar es Salaam.

Ila usiwadanganye wananchi. Mionzi haitakuwepo. Mashine ya mionzi inahitaji chumba chenye kuta za zege nene za mita moja na zaidi, umeme usioyumba, mtaalamu wa fizikia ya tiba na daktari bingwa wa mionzi. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa kwenye nyonga bado atahitaji kwenda Ocean Road, na tiba yake ni kama wiki tano, siku tano kila wiki, pamoja na mionzi ya ndani. Lisemeni wazi mkutanoni, ili kesho mtu asije akasema alichangia akaahidiwa mashine.

Na kwa sababu hiyo hiyo, chumba cha kupimia akina mama ndicho ninachokithamini kuliko wodi yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 nchini, na karibu robo yao walikuwa wanawake wenye saratani hiyo moja. Wanaosema ni ugonjwa wa watu wachache, waambie hivi: mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari ya kuipata mara sita zaidi ya asiye navyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa yetu mitatu ndiyo iliyo juu kabisa. Dawa za kufubaza virusi zimewapa dada zetu miaka ya kuishi, jambo la kumshukuru Mungu, na miaka hiyo ndiyo ambayo saratani hii huitumia kukua polepole. Mwanamke anayekuja CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kuchukua dawa akipimwa siku hiyo hiyo chumba cha pili, akakutwa na mabadiliko akatibiwa kabla hajaondoka, hatajua kamwe Ocean Road iko mtaa gani.

Sasa leba. Hapa nipo upande wa wananchi wako kuliko wanavyodhani. Kama leba haina maji au taa, hilo halingoji, na mwambieni mganga mfawidhi hivyo mbele ya wote. Lakini kuna jambo halionekani kwa nje. Kabla ya kila dripu ya kemo, mgonjwa lazima apimwe picha kamili ya damu, kwa sababu dawa zile hushusha chembe nyeupe na nyekundu; zikishuka mno, tiba inaahirishwa au anaongezewa damu. Hospitali haiwezi kutoa kemo kwa usalama bila mashine ya damu inayofanya kazi kila siku, fundi anayeijua, na jokofu la damu salama. Chupa hiyo ya damu ndiyo hiyo hiyo itakayomwokoa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua saa nane za usiku. Akina mama niliowaona wakifa kwa kutoka damu, wengine walifia hospitalini, kitandani, tukiwa tumewazunguka na mikono mitupu. Ambulensi ingewafikisha wapi? Nendeni kwenye mkutano mkaombe damu, maabara na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Huduma ya saratani inavilazimisha viwili vya kwanza viwepo.

Kuna na watoto. Ukanda wa chini kuelekea Ziwa Nyasa, kwenye malaria nyingi, hujitokeza uvimbe wa taya kwa watoto, unaokua kwa siku chache tu hadi jino linalegea na jicho linatoka nje. Wazazi hufikiri ni jino, wengine hufikiri wamerogwa. Ni saratani inayoitwa Burkitt, na ni kati ya zile zinazokubali kemo vizuri sana. Uvimbe huanza kunywea ndani ya siku. Mtoto huyo hana muda wa kungoja baba auze mpunga. Kinachotakiwa ni mtu wa karibu anayeutambua na kumwahisha.

Kuhusu biashara sitasema mengi, mtaiona wenyewe: gesti, mama lishe getini, bodaboda, vyumba vya kupangisha. Itakuwepo.

Kabla ya kutoa hiyo 10,000, kuna maswali ambayo ningeyauliza kama ningekuwa mwananchi wenu. Kinyama kikichukuliwa, kinasomwa wapi, na jibu linarudi baada ya siku ngapi? Zamani tulikuwa tunakitia kwenye kichupa cha formalini, tunaandika jina kwenye plasta, tunamkabidhi kondakta wa basi, kisha tunasubiri wiki hata miezi, na mgonjwa naye anasubiri. Bila jibu la kinyama hakuna tiba, kwa hiyo jengo zuri lenye jibu la miezi mitatu halitamsaidia mtu. Dawa zitatoka wapi mwaka wa pili, wafadhili wakipunguza mkono? Mzunguko ukirukwa kwa kukosa dawa, mgonjwa ndiye anayelipa kwa mwili wake.

Ulizeni pia ni nani atakayechoma hizo dripu. Ipo dawa moja nyekundu kama juisi ya rozela, inayotumika sana kwa saratani ya titi. Huingizwa taratibu, muuguzi ameketi hapo hapo akiuangalia mshipa, kwa sababu ikivuja nje inaunguza nyama hadi kidonda kichukue miezi. Mgonjwa asipoambiwa kwamba mkojo wake utakuwa mwekundu siku hiyo, atakimbia akidhani anatokwa damu. Kazi kama hii haifanywi na mtu wa zamu aliyeazimwa kutoka wodi ya watoto. Wauguzi wawili au watatu wafundishwe, wapewe nyumba za kuishi, wakae.

Nguvu kazi yenu, kwa maoni yangu, ielekezeni kwenye nyumba ya kulala wanaouguza: vyumba vichache, jiko, bomba la maji. Huko milimani kwenu Juni na Julai baridi inauma, na nimewaona kina mama wakilala kwenye veranda ya wodi na kanga moja. Kijiji kinaweza kutoa mawe, mchanga, tofali na mafundi, na kila mtu ataona kilichotoka mkononi mwake. Fedha zipokelewe kwa risiti, kijiji kiwe na wajumbe wake kwenye kamati, na kaya za wazee na wajane zisiguswe.

Nami ningechanga.

Shikamoo mama. Ninachuma chai Mufindi, nina miaka 36. Walikuja kutupima mlango wa kizazi kwa siki, nikaambiwa nina "mabadiliko", nirudi wiki ijayo nitibiwe. Mume wangu anasema tuuze ng'ombe twende Dar moja kwa moja. Mama, silali.
*Mchuma chai, Mufindi*

Marahaba mama, pole kwa hofu. Ng'ombe abaki zizini.

Ile siki iliyopakwa huifanya sehemu yenye seli zilizobadilika iwe nyeupe baada ya kama dakika moja. Walichokiona ni hiyo alama nyeupe. Mabadiliko hayo hayajawa saratani. Yakiachwa, kwa wanawake wengi huchukua miaka 10 na zaidi kufika huko, na kwa mwenye VVU huenda kasi zaidi. Umepimwa wakati ule hasa unaofaa. Rudi siku uliyopangiwa, usiipitishe hata kama msimamizi shambani atanuna.

Watakutibu kwa kifaa cha joto, au cha kugandisha kwa baridi, kulingana na walichonacho. Ni dakika chache, unahisi kama tumbo la hedhi, unatembea mwenyewe kurudi nyumbani. Wiki kadhaa utatokwa na majimaji, ni kawaida. Weka pedi au kitambaa safi. Kwa mwezi mmoja usikutane na mumeo, na umwambie sababu kabla ya siku ya tiba, asije akadhani vingine. Ukipata homa, usaha wenye harufu au damu nyingi, rudi hapo hapo. Kama alama ni kubwa au imeingia ndani, watakupa rufaa ili sehemu hiyo ikatwe. Hilo nalo halimaanishi kwamba ni saratani. Baada ya mwaka mmoja urudi kupimwa tena.

Kama hujapima VVU siku za karibuni, pima, maana jibu ndilo litakaloonyesha upimwe mlango wa kizazi kila baada ya muda gani. Na kama una binti, tazama umri wake. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo, shuleni au kituo cha afya. Maneno kwamba inafunga kizazi yamesambaa sana huko mashambani. Si kweli. Nimewapeleka wajukuu wangu mwenyewe.

Bibi ana saratani ya koo la chakula. Hospitali wametwambia hakuna upasuaji tena, wakatupa chupa ya morfini ya maji. Shangazi ameificha kabatini. Anasema ni dawa ya kumaliza watu, na kwamba bibi atakuwa teja. Usiku bibi analia. Mimi ni mjukuu tu, nifanyeje?
*Mjukuu, Uyole, Mbeya*

Mjukuu wangu, nenda kwa shangazi yako kwa heshima, uende na barua hii, umwombe aisome mwenyewe. Anampenda mama yake, ndiyo maana anaogopa.

Shangazi, morfini ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa na daktari haimharakishii mtu kifo. Inatuliza maumivu, na mgonjwa aliyetulia analala, anakunywa uji kidogo, anazungumza na watu wake. Uteja ni kuitafuta dawa ili kulewa. Mgonjwa wa saratani anaipata kwa sababu ya maumivu, na mwili wake unaipokea hivyo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia zaidi. Mara nyingi ni usingizi uliokuwa unamdai. Mkiona anasinzia hadi haamki mkimtikisa, au anapumua polepole mno, acheni dozi inayofuata na pigeni simu hospitali mara moja.

Mpeni kwa saa, kila baada ya saa nne, msingoje alie ndipo mkimbilie chupa. Wengine huandikiwa dozi kubwa zaidi ya kulalia ili usiku usikatishwe. Ulizeni kama bibi yenu ni mmojawapo. Pimeni kwa sirinji ile mliyopewa, msitumie kijiko cha jikoni. Choo kitafunga, hilo ni hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya kwanza, na maji kidogo kidogo kadiri koo linavyoruhusu. Chupa ifungiwe mbali na watoto, lakini ufunguo awe nao mtu anayelala chumba kimoja na bibi. Ikibaki robo, mtu apande daladala akachukue nyingine. Msisubiri iishe Ijumaa jioni.